KILICHO CHA MMOJA NA KILICHO CHA WOTE
Maelezo kwa wananchi na watumishi wa Serikali juu ya umiliki wa sehemu katika nyumba za ghorofa

Kwa muda mrefu mwananchi wa Unguja au Pemba aliyetaka kuwa na nyumba yake alitafuta kiwanja, akajenga banda la uani, kisha akaendelea na nyumba kubwa kidogo kidogo kadiri alivyojaaliwa. Nyumba na ardhi iliyo chini yake vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Paa lilikuwa lake, karo lilikuwa lake, na ufa uliotokea ukutani ulikuwa wake peke yake kuuziba. Hivi leo wapo wananchi wengi, wakiwemo watumishi wa Serikali, wanaonunua au wanaofikiria kununua kitu cha namna nyingine kabisa, yaani fleti iliyoko ghorofa ya tatu au ya nne, isiyogusa ardhi, ambayo dari yake ni sakafu ya jirani wa juu na sakafu yake ni dari ya jirani wa chini.

Umiliki wa namna hii huitwa umiliki wa sehemu ya jengo, na jengo linalomilikiwa hivyo huitwa kondominio. Ifahamike tangu mwanzo kwamba anayenunua fleti katika kondominio hununua vitu vitatu kwa pamoja. Cha kwanza ni vyumba vyake mwenyewe. Cha pili ni hisa katika vitu ambavyo ni vya wakaazi wote, kama vile paa, ngazi, misingi na mabomba. Cha tatu ni uanachama katika jumuiya ya wamiliki, pamoja na haki na madeni yanayoambatana nao. Wanunuzi wengi hukikagua cha kwanza kwa makini sana, wakavisahau viwili vinavyofuata. Lakini hivyo viwili ndivyo vinavyoamua kama jengo litadumu au litaharibika na wakaazi wamo ndani yake.

SABABU ZA KUONGEZEKA KWA MAJENGO HAYA

Sababu ya kwanza ni idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Zanzibar ikiwa na watu 1,303,569. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Katika kipindi hicho hicho Mkoa wa Mjini Magharibi uliongezeka kutoka watu 593,678 hadi watu 893,169, yaani nyongeza ya karibu laki tatu kwa miaka kumi. Karibu nusu ya wananchi wote wa Zanzibar wanaishi katika mkoa huo mmoja, ambao ukubwa wake ni kiasi cha kilomita za mraba 230 tu.

Sababu ya pili ni ardhi yenyewe. Kisiwa hakiongezeki. Kila nyumba ya chini inayojengwa pembezoni mwa mji huchukua kiwanja kizima kwa familia moja, na nyuma yake huhitaji barabara, waya wa umeme na bomba la maji. Vijiji ambavyo zamani vilikuwa vya minazi na mihogo vimekuwa mitaa ya mji, na ardhi ya kulima imezidi kurudi nyuma. Jengo la ghorofa tano huziweka familia nyingi juu ya ardhi ambayo ingechukua nyumba chache za chini, na huduma zikifikishwa mahali pamoja huwafikia wengi.

Sababu ya tatu ni mabadiliko ya maisha. Mtumishi anayeanza kazi akiwa kijana mara nyingi hana kiwanja cha urithi wala muda wa kusimamia mafundi kwa miaka kumi. Fleti iliyokamilika, ambayo ina hati yake yenyewe, inaweza kununuliwa kwa mkopo, ikauzwa, ikarithiwa au kuwekwa rehani benki. Ndiyo maana majengo ya fleti yamejitokeza Mbweni, Kwahani na katika mji mpya wa Fumba, na mitaa hiyo imekuwa na sura tofauti na ile iliyozoeleka.

MAFUNZO YA NYUMA

Nyumba za ghorofa si jambo geni Zanzibar. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, zilikuwa na ghorofa mbili, tatu na zaidi kabla ya zama za zege na nondo. Nyingi kati ya hizo zilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja, lakini baadaye zikaja kukaliwa na familia kadhaa, kila moja katika chumba chake au ghorofa yake. Aliyeishi chini hakuliona paa kuwa shauri lake, na aliyeishi juu hakuuona msingi kuwa shauri lake. Mvua ikapenya, boriti zikaoza, na ngazi ambayo kila mtu aliipanda kila siku ikakosa mwenyewe.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ya Awamu ya Kwanza chini ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga Nyumba za Maendeleo Kikwajuni, Kilimani na Michenzani kwa upande wa Mjini, na pia katika sehemu nyengine za Unguja na Pemba, zikiwemo Makunduchi, Wete na Mkoani. Ramani za mwanzo za Ng'ambo mpya zilitayarishwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Majumba marefu ya Michenzani, yanayokutana penye mzunguko wa barabara, yalikuwa fahari ya zama zake, na maelfu ya wananchi wamezaliwa na kulelewa humo.

Hata hivyo, fleti hizo zilitolewa na Serikali kwa wananchi, na kwa sababu hiyo matengenezo ya kuta, ngazi na mabomba yalihesabiwa kuwa kazi ya Serikali. Wakaazi walizipenda na kuzipamba fleti zao kwa ndani, lakini hapakuwa na chombo cha wakaazi wenyewe cha kukusanya fedha na kuitunza sehemu ya wote. Msukumo wa maji ulipopungua, waliokaa ghorofa za juu walipandisha ndoo kwa mikono. Funzo la Mji Mkongwe na la Michenzani ni moja. Kila jengo linalokaliwa na wengi lina sehemu ambayo si ya mtu mmoja, na sehemu hiyo isipowekewa mtunzaji na fedha yake huanza kufa mapema kuliko sehemu nyengine.

CHIMBUKO LA SHERIA ZA KONDOMINIO

Kwa mujibu wa kanuni kongwe ya sheria iliyorithiwa tangu zama za Warumi, kila kilichojengwa juu ya ardhi hufuata ardhi hiyo. Kwa kanuni hiyo haikuwa rahisi mtu mmoja kumiliki ghorofa ya kwanza na mwengine ghorofa ya pili. Sheria ya madai ya Ufaransa ya mwaka 1804 iligusia jambo hilo kwa maneno machache, pale ilipoeleza nani atengeneze nini endapo ghorofa za nyumba moja zina wamiliki mbalimbali. Ubelgiji ilitunga sheria kamili zaidi mwaka 1924.

Kuenea kwake hasa kulitokana na visiwa na miji iliyobanwa na ardhi. Kisiwa cha Puerto Rico kilitunga sheria yake mwaka 1958. Mwaka 1961 Marekani iliruhusu mikopo ya kununulia fleti za kondominio idhaminiwe na Serikali, na katika miaka michache iliyofuata majimbo yake yote yakawa na sheria za namna hiyo. Mwaka huo huo wa 1961 jimbo la New South Wales nchini Australia lilitunga sheria iliyowezesha kila fleti kupewa hati yake katika daftari la ardhi. Singapore, kisiwa kilicho kidogo kuliko Unguja, kiliufuata mfano huo kwa sheria ya mwaka 1967.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Kenya ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu mwaka 1987 na kuibadilisha kwa sheria mpya mwaka 2020. Uganda ilitunga yake mwaka 2001. Tanzania Bara ilitunga sheria mwaka 2008, na Rwanda mwaka 2010. Kwa upande wa Zanzibar, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Kondominio Nam. 10 ya mwaka 2010. Sheria hiyo ndiyo iliyofungua njia ya fleti moja ndani ya jengo kusajiliwa na kumilikiwa peke yake.

Wananchi wakumbuke kwamba ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa masharti. Kwa hiyo haki ya mwenye fleti haiwezi kuwa ndefu kuliko haki iliyopo juu ya ardhi ambayo jengo limesimama. Muda uliobaki katika haki hiyo ni jambo la kuulizwa mapema, kabla ya fedha kutolewa.

MIPAKA YA FLETI NA MALI YA WOTE

Katika kondominio ramani ya jengo ina uzito sawa na hati. Ramani hiyo huonesha mipaka ya kila fleti kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Kwa kawaida kilicho ndani ya mipaka hiyo ni cha mmiliki: rangi ya kuta, vigae vya sakafu, milango ya ndani, makabati na vyombo vya jikoni. Anaweza kuvibadilisha kwa hiari yake.

Kilichobaki chote ni mali ya wote. Humo mna ardhi, misingi, nguzo, mihimili, kuta za nje, paa, ngazi, lifti, ujia, pampu, tangi la maji, karo, mabomba makuu, taa za nje, maegesho na bustani. Kila mmiliki ana hisa ndani ya vitu hivyo, lakini hana haki ya kukata kipande na kukifanya chake. Mwenye fleti ya chini haruhusiki kuvunja nguzo ili apanue ukumbi wake, kwa kuwa nguzo hiyo inawabeba waliolala juu yake. Mwenye fleti ya juu kabisa naye hawezi kujenga chumba kwenye paa kwa hoja kwamba hakuna anayekaa juu yake. Paa ni la wote, hata la yule wa chini asiyepata kulikanyaga.

Mali hiyo husimamiwa na jumuiya ya wamiliki. Kila anayenunua fleti huwa mwanachama, na hawezi kujitoa madhali bado ni mmiliki. Jumuiya hufanya mkutano mkuu, huchagua kamati, hupitisha bajeti, huweka kanuni za jengo na hukusanya michango. Inaweza kumuajiri msimamizi wa kazi za kila siku, lakini kumuajiri msimamizi hakuwaondolei wamiliki wajibu wao wa kukagua hesabu.

MFANO WA HESABU

Ili jambo hili lieleweke vyema, lichukuliwe jengo la mfano lenye fleti 24. Fleti 16 zina ukubwa wa mita za mraba 60 kila moja, na fleti 8 zina mita za mraba 90 kila moja. Jumla ni mita za mraba 1,680. Ikiwa hisa zinafuata ukubwa, fleti ndogo ina sehemu moja katika sehemu 28, na fleti kubwa ina sehemu moja na nusu katika sehemu hizo 28.

Jumuiya imekadiria kwamba jengo linahitaji shilingi 2,800,000 kwa mwezi kwa ajili ya mlinzi, usafi, umeme wa ngazi na pampu, kunyonya karo, matengenezo madogo na akiba. Mwenye fleti ndogo atatoa shilingi 100,000 na mwenye fleti kubwa atatoa shilingi 150,000. Fleti 16 zitaleta shilingi 1,600,000 na fleti 8 zitaleta shilingi 1,200,000, na bajeti imetimia.

Katika fedha hizo jumuiya imeamua kuweka sehemu moja katika kila tano katika mfuko wa akiba. Hiyo ni shilingi 560,000 kwa mwezi, ambapo mwenye fleti ndogo huchangia shilingi 20,000. Baada ya miaka kumi mfuko utakuwa na shilingi 67,200,000. Mwaka huo wa kumi paa likahitaji kuzibwa upya na pampu kubadilishwa kwa gharama ya shilingi 56,000,000. Fedha ipo, na kazi inaanza.

Jengo jirani, lenye fleti kama hizo, halikuweka akiba. Kila mwaka mkutano ulisema paa bado zima na michango ni mizito. Mwaka wa kumi kila mwenye fleti ndogo anatakiwa kutoa shilingi 2,000,000 kwa mara moja, na kila mwenye fleti kubwa shilingi 3,000,000. Baadhi wanazo, baadhi hawana. Mstaafu wa ghorofa ya pili anaomba apewe muda. Mmiliki wa fleti ya nne yuko ng'ambo na barua hazijibu. Wakati wanajadiliana, masika yanaingia na maji yanafika kwenye nondo. Wote wamelipwa mishahara ile ile na wamekaa katika majengo ya namna moja, lakini wa kwanza walitoa shilingi 20,000 kwa mwezi na wa pili hawakutoa.

Kwa sababu hiyo sheria ya Singapore ya mwaka 2004 juu ya usimamizi wa majengo haya inataka jumuiya ziwe na mifuko miwili iliyotengana: mmoja wa matumizi ya kawaida, na mwengine wa akiba ya matengenezo makubwa.

YALIYOTOKEA SURFSIDE

Madhara ya kuchelewesha matengenezo yalidhihirika kwa namna ya kusikitisha nchini Marekani. Katika mji mdogo wa Surfside, jimbo la Florida, palikuwa na jengo la kondominio liitwalo Champlain Towers South. Lilijengwa mwaka 1981 kando ya bahari, lilikuwa na ghorofa 12 na fleti 136. Mwaka 2018 mhandisi aliyelikagua alieleza kwa maandishi kwamba maji hayakuzuiwa ipasavyo chini ya eneo la bwawa la kuogelea, na kwamba zege la sehemu ya chini lilikuwa limeharibika.

Wamiliki walijadiliana juu ya gharama kwa muda mrefu. Kufikia mwezi wa Aprili 2021 kazi ilikadiriwa kugharimu kiasi cha dola milioni 15, na akiba ya jumuiya ilikuwa haikaribii kiasi hicho. Kila mmiliki alitakiwa kutoa maelfu mengi ya dola, na malipo yaanze tarehe 1 Julai 2021. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 24 Juni 2021, wiki moja kabla ya tarehe hiyo, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka wakaazi wakiwa wamelala. Watu 98 walifariki dunia.

Mwaka 2022 jimbo la Florida lilitunga sheria inayotaka majengo ya kondominio ya ghorofa tatu na zaidi yakaguliwe na wataalamu yanapofikisha umri wa miaka 30, na tena kila baada ya miaka 10. Sheria hiyo pia ilibana uhuru wa wamiliki kupiga kura ya kutoweka akiba kwa ajili ya sehemu zinazolibeba jengo.

Wananchi wa visiwa wanayo sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi ikiingia pamoja na maji katika ufa mdogo wa zege huifikia nondo, nayo hushika kutu. Nondo yenye kutu huvimba, ikalipasua zege, na mpasuko mpya ukaingiza maji zaidi. Kwa nje huonekana kama rangi iliyobabuka au doa la kahawia chini ya roshani. Mkaazi akipaka rangi juu ya doa hilo ameficha dalili tu, na kutu inaendelea kazi yake.

UJIRANI KATIKA MTAA WA NGAZI

Kondominio ni mtaa mzima uliosimamishwa wima. Mambo ambayo katika mtaa wa kawaida humalizwa kwa umbali, humo hukosa nafasi ya kumalizikia. Moshi wa jiko la mkaa kwenye roshani huingia dirishani kwa jirani wa juu. Maji ya kuoshea sakafu hudondokea nguo zilizoanikwa chini. Kinu kinachotwangwa usiku husikika ghorofa nzima. Ndiyo maana jumuiya huandika kanuni za jengo, na kanuni hizo humfunga mmiliki, mpangaji na mgeni wake.

Kanuni nzuri hazikusudiwi kuua desturi. Jengo lenye familia nyingi litakuwa na arusi, litakuwa na msiba, na litakuwa na Sikukuu. Kwa hiyo ni busara kanuni zieleze mapema wapi waombolezaji watakaa, nani ataufungua ukumbi wa chini au uwanja wa maegesho kwa shughuli hiyo, na wapi mnyama wa Idi atachinjwa na uchafu wake kuondolewa. Mjenzi anayechora ngazi nyembamba mno hata jeneza lisiweze kupinda kwenye kona amesahau kwamba anawajengea watu. Kadhalika, baraza ndogo mlangoni mwa jengo haigharimu mengi, na huwafanya wakaazi wajuane. Wanaojuana hupatana mapema juu ya michango.

Jambo jengine ni fleti zinazokodishwa kwa wageni kwa siku chache chache. Mmiliki anapata kipato, lakini jirani zake hukutana na nyuso mpya ngazini kila wiki, na pampu na lifti hutumika zaidi. Jumuiya inapaswa kuamua mapema kama jambo hilo linaruhusiwa na kwa masharti gani, kabla halijawa ugomvi.

Kuwapo kwa jumuiya ya wamiliki hakuliondoi jengo katika shehia. Wakaazi wa fleti, wawe wamiliki au wapangaji, wanatakiwa kujulikana kwa Sheha wao kama wakaazi wengine wote. Ukuta na lango visiwatenge na wenzao wa mtaa unaowazunguka, ambao wanatumia barabara, skuli na soko hilo hilo.

MIRATHI NA UZEE WA JENGO

Fleti hurithiwa kama mali nyengine. Mmiliki akifariki akaacha mjane na watoto sita, kila mmoja hupata fungu lake kwa mujibu wa mirathi, lakini jumuiya inaendelea kuihesabu fleti kuwa moja, yenye kura zake na mchango wake. Michango iliyokuwa haijalipwa ni deni la marehemu, na deni hutangulia kabla ya warithi kugawana. Inashauriwa warithi wamteue mmoja wao kwa maandishi ili apokee barua, ahudhurie mikutano na kulipa kwa niaba yao. Fleti isiyo na msemaji huzorotesha maamuzi ya jengo zima.

Jengo nalo huzeeka. Itafika siku ambapo kulitengeneza kutagharimu kuliko kulijenga upya, na wamiliki watatofautiana. Singapore iliamua mwaka 1999 kwamba jengo lenye umri wa miaka 10 na zaidi linaweza kuuzwa lote kwa pamoja ikiwa wamiliki wenye asilimia 80 ya hisa wamekubali, na lenye umri mdogo zaidi kwa asilimia 90. Sheria hiyo iliondoa hali ya mtu mmoja kuwazuia wote. Hata hivyo ina maana pia kwamba asiyetaka kuhama anaweza kulazimika kuhama. Mnunuzi anastahili kujua hati na kanuni za jengo lake zinasema nini juu ya siku hiyo.

MAMBO YA KUANGALIWA KABLA YA KUNUNUA

Mwananchi anayekusudia kununua fleti anashauriwa kuhakikisha mambo yafuatayo:

(a) Jengo limesajiliwa kuwa kondominio, na fleti anayooneshwa inaonekana katika ramani iliyosajiliwa. Uhakika wa jambo hili hupatikana kwa Mrajis wa Ardhi. Karatasi ya matangazo ya muuzaji haitoshi.

(b) Haki ya matumizi ya ardhi chini ya jengo ina muda gani uliobaki.

(c) Hisa ya fleti ni ngapi, na imepatikana kwa kipimo gani.

(d) Maegesho na chumba cha stoo alivyoahidiwa vimeandikwa kuwa vyake, au ni mali ya wote.

(e) Jumuiya ya wamiliki imeundwa na inakutana. Aombe kuona kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho na hesabu za mwaka.

(f) Mfuko wa akiba una kiasi gani, na ni fleti ngapi zina malimbikizo ya michango.

(g) Muuzaji hadaiwi na jumuiya, na athibitishe hivyo kwa maandishi.

(h) Kanuni za jengo zinasema nini juu ya wapangaji, wageni wa muda mfupi na shughuli za kijamii.

(i) Apande mpaka juu ya paa, ashuke mpaka lilipo karo, na aangalie chini ya roshani. Sehemu hizo zitamuonesha mwenendo wa jumuiya kuliko sebule iliyopakwa rangi jana.

Kwa jengo ambalo bado halijajengwa, mnunuzi aulize pia ni lini mjenzi ataikabidhi jumuiya mamlaka, na atakabidhi ramani za umeme na maji kwa nani. Mabomba yaliyozikwa ndani ya zege bila ya ramani huwagharimu wakaazi kwa miaka mingi.

WAJIBU WA WAKAAZI

Mwenye nyumba ya chini akichelewa kuziba paa lake hulowa yeye na familia yake. Katika kondominio anayechelewa kutoa mchango wake huwalowesha wengine, na wengine wakichelewa hulowa yeye aliyelipa. Kwa hiyo uaminifu wa majirani ni sehemu ya thamani ya fleti, ingawa hauandikwi katika hati.

Wamiliki wahudhurie mikutano mikuu, wasome hesabu kabla ya kuzipitisha, na wasipige kura ya kupunguza akiba kwa sababu tu jengo bado linang'aa. Kamati nazo ziweke kumbukumbu za kila shilingi, zitoe risiti, na zibandike hesabu mahali ambapo kila anayepanda ngazi ataziona. Wenye fleti walioko nje ya nchi wateue wawakilishi walio karibu.

Visiwa vitaendelea kujenga kwenda juu, kwa kuwa nafasi ya kwenda pembeni inazidi kupungua. Majengo yanayokamilika mwaka huu yatakaliwa na watoto ambao bado hawajazaliwa. Kama watayakuta yakiwa na ngazi imara, maji yanayopanda na paa lisilovuja, itakuwa ni kwa sababu wazee wao walikubali kukutana mara kwa mara na kutoa kidogo kila mwezi kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa cha mmoja wao.